Pua ya Bi Zeyana

Wanaosema kwamba nchi yetu ina ubaguzi ni watu ambao hawajawahi kufika wakanusa. Sisi hatumbagui mtu. Sisi tuna pua tu, na pua ni majaliwa ya Mungu.

Katika nchi yetu wanaishi watu wa aina mbili. Tupo sisi, na wapo Wapelu. Ngozi yetu sisi ni ya kahawia inayokaribia wekundu, na imetokana na jua zuri la nchi hii. Wapelu nao ngozi yao ni ya kahawia inayokaribia wekundu, lakini yao imetokana na asili yao. Mgeni anaweza asione tofauti. Mwenyeji naye haioni, ila anaijua. Mpelu hutambulika kwa jina la baba yake, kwa mtaa anaokaa, na zaidi ya yote kwa harufu. Wapelu wananuka. Mtoto wa nchi hii hulijua hilo kabla hajajua kuhesabu, na ndiyo maana kila raia mstaarabu hutembea na kitambaa mfukoni. Mpelu akipita, kitambaa puani. Akishapita, kitambaa mfukoni. Hakuna anayemtukana, hakuna anayempiga. Ni adabu tu, kama kuvua viatu mlangoni.

Mtu mwenye hila atauliza: kama wananuka, mbona ndio wanaowapikia chakula, ndio wanaowafulia nguo, na ndio wanaowabebea watoto mgongoni? Jibu ni rahisi, na Waziri wetu amekwisha kulitoa bungeni: harufu ya Mpelu haiingii katika kazi yake. Inabaki kwa Mpelu mwenyewe.

Waziri ninayemtaja ni Mheshimiwa Gogwe, Waziri wa Hewa Safi na Maadili. Mimi nilikuwa afisa itifaki katika wizara yake. Kazi yangu ilikuwa kupokea wageni, kuwafungulia milango ya magari, na kucheka Mheshimiwa anapotania. Mwaka huo Mheshimiwa alikuwa ameandaa Sheria ya Upepo, ambayo ingewahamisha Wapelu wote kutoka mjini na kuwapeleka Magadini, ng'ambo ya jangwa la chumvi, mahali ambapo upepo hauvumi kuelekea kwetu. Haikuwa sheria ya chuki. Mheshimiwa mwenyewe alieleza, kwa sauti iliyojaa huruma, kwamba huko Magadini ndugu zetu Wapelu wataweza kunuka kwa uhuru.

Tatizo likawa wafadhili. Hao ndio wanaotununulia dawa za hospitali na magari ya mawaziri, kwa hiyo neno lao hatulipuuzi. Wakauliza: hiyo harufu imethibitishwa na nani?

Mheshimiwa alihuzunika sana. "Jambo ambalo kila mtu analijua," alituambia, "linathibitishwaje? Mtu akikuambia uthibitishe kwamba jua ni la moto, unaanzia wapi?" Hata hivyo, akaagiza itafutwe pua isiyo ya upande wowote. Ndivyo Bi Zeyana alivyokuja kwetu.

*

Bi Zeyana alitoka visiwa vya jirani, na kazi yake ilikuwa kuchanganya udi, mavumba na marashi. Sifa zake zilivuka maji. Walisema akisimama mlangoni mwa nyumba atakuambia jana walipika nini, nani anaumwa ndani, na kama bwana na bibi wamegombana. Nyumba ya wageni ya wizara haikuwa na paa, kwa sababu ilikuwa inakarabatiwa tangu Mheshimiwa angali mwalimu wa shule. Basi nikaamriwa nimkaribishe nyumbani kwangu.

Alikuwa mama wa makamo, mnene kidogo, mwenye maneno ya taratibu. Pua yake ilikuwa ndogo. Mke wangu Elinata alininong'oneza kwa masikitiko, "Ndiyo hiyo?"

Mesiwa alitoka jikoni kuja kupokea mizigo. Mesiwa alikuwa Mpelu wetu. Alitupikia, alitufulia, na alimlea binti yetu Tunu tangu siku ya kuzaliwa hadi alipofikia miaka minne. Alipokaribia lango, mimi, mke wangu na dereva wa wizara tukainua vitambaa. Tunu hakuinua, kwa kuwa alikuwa mgongoni mwa Mesiwa amelala.

Bi Zeyana akatutazama mmoja mmoja. "Kuna nini? Kuna mzoga hapa?"

"Hapana, mama," nilimjibu. "Ni Mesiwa."

Akamgeukia Mesiwa, akamsogelea, akainamisha uso shingoni mwake kama mtu anayemsalimia ndugu aliyepotezana naye. Akavuta pumzi.

"Vitunguu," alisema. "Sabuni ya mche. Na mafuta ya nazi yaliyochujwa vizuri kweli. Mwanangu, nani kakufundisha kuchuja mafuta namna hii?"

"Mama yangu," Mesiwa alijibu, akiangalia chini.

"Basi huyo mama ni fundi. Nionyeshe jiko lako."

Wakaingia ndani wote wawili, Bi Zeyana akiwa ameshika mzigo wake mwenyewe. Tukabaki langoni watu wazima watatu, vitambaa puani, na Mpelu mwenyewe hayupo.

*

Kwa siku za mwanzo Bi Zeyana aliishi jikoni. Mke wangu alikuwa amemwandalia kiti cha sebuleni, kile chenye kitambaa cha kufumwa, lakini yeye alikaa kwenye kibao cha mbuzi akimsaidia Mesiwa kukuna nazi. Walicheka. Katika nyumba yetu kicheko cha jikoni hakikuwa desturi, na mke wangu akaniomba nikasikilize mlangoni, nami nikasikiliza, kwa kuwa mgeni alikuwa chini ya dhamana yangu.

Mesiwa alikuwa akimweleza habari za mama yake, aliyepooza miguu na kulala kitandani katika mtaa wa Pindoni, ambako ndiko Wapelu wanakokaa.

"Wanasema Magadini hakuna maji," alisema Mesiwa. "Wanasema maji yataletwa kwa gari. Mimi nitambeba mama, sawa. Nikishambeba nimfikishe wapi? Nimlaze kwenye chumvi?"

"Hakuna atakayepelekwa popote," Bi Zeyana alimjibu. "Wameniita ninuse. Nitanusa, halafu nitawaambia sikusikia kitu. Nitapanda chombo changu nirudi kwetu."

"Ukisema hivyo, watakubali?"

"Mwanangu, pua hii haijawahi kubishiwa."

Nilirudi sebuleni kwa miguu ya taratibu. Mke wangu aliniuliza walikuwa wanazungumza nini. Nikamwambia mapishi.

*

Jaribio lilifanyika katika Ukumbi wa Ustaarabu, mbele ya wabunge na wawakilishi wa wafadhili. Mashati na fulana zilizovaliwa kutwa zilikuwa zimewekwa ndani ya mitungi yenye vifuniko. Nyingine za Wapelu, nyingine za kwetu, na mgeni hakuambiwa ipi ni ya nani. Mheshimiwa Gogwe, kwa moyo wake wa kujitolea, alikuwa ametoa fulana yake mwenyewe iwe mfano wa usafi.

Bi Zeyana akapita mtungi kwa mtungi. Anafunua, ananusa, anafunika. Huyu alikaa karibu na moto wa kuni. Huyu ananyonyesha. Huyu amekula samaki mkavu. Wabunge wakawa wanatazamana, maana samaki mkavu si jibu tulilolitarajia.

Kisha akafunua mtungi mmoja, akarudi nyuma. "Huyu," alisema, "haogi."

Harufu ikatambaa ukumbini: jasho lililochacha, tumbaku, na kitu kama maziwa yaliyosahauliwa. Vitambaa vikainuka kama kundi la njiwa. Mbunge mmoja mzee machozi yalimtoka. "Huyo ndiye," walisema watu kila upande. "Huyo ni Mpelu kamili. Mgeni ameisikia."

Katibu Mkuu akageuza mtungi asome jina. Akasoma kimya. Akasoma tena. Halafu akasema, kwa sauti ya chini sana, kwamba ile ilikuwa fulana ya Mheshimiwa Waziri.

Vitambaa vikashuka polepole, kila mmoja akiangalia cha mwenzake kwanza. Ni Katibu Mkuu huyo huyo aliyetuokoa. Alisimama wima akasema, "Waheshimiwa, inaonekana fulana hii ilifuliwa na Mpelu."

Ukumbi ulipiga makofi hadi vioo vikatetemeka. Ni kweli kwamba Mheshimiwa alikwisha kusema harufu ya Mpelu haiingii katika kazi yake, lakini hayo aliyasema bungeni, na hapa tulikuwa ukumbini.

Bi Zeyana aliulizwa hukumu yake. Akasema, bila kupandisha sauti, "Watu hawa hawana harufu yao peke yao. Mnanuka wote jinsi binadamu wanavyonuka, na mnanukia wote jinsi wanavyonukia."

Mheshimiwa hakukasirika. Hapo ndipo ulipoona ukubwa wake. Alitabasamu akasema, "Pua ngeni ni kama tumbo geni. Huwezi kulilisha chakula cha nchi siku ya kwanza likakielewa. Tusimlazimishe mama yetu. Sisi hatulazimishi mtu. Tumpe muda azoee hewa."

*

Na kweli, hatukumlazimisha. Naomba hilo lieleweke. Hakuna aliyemfungia mlango wala kumtolea neno baya.

Kilichotokea ni kwamba watu walianza kumhurumia. Alipoalikwa chakula cha usiku nyumbani kwa Katibu Mkuu, kila mgeni alieleza jinsi anavyoisikia harufu ya Wapelu. Mmoja alisema ni mayai viza. Mwingine alisema mbuzi aliyenyeshewa. Mke wa jaji alisema kwake yeye ni kama maji ya maua yaliyokaa kaburini. Hawakubishana, ingawa yai na mbuzi ni vitu viwili. Kila mmoja alitikisa kichwa kumuunga mkono mwenzake. Kisha wakamgeukia mgeni.

"Na wewe, mama, waisikiaje?"

"Siisikii."

"Pole," alisema mke wa jaji, akamgusa mkono. "Inatibika?"

Neno hilo likatoka pale likazunguka mji. Sokoni wauza ubani walimkaribisha kwa sauti kubwa na ya polepole, kama watu wazungumzavyo na kiziwi. Akiuliza bei ya udi, wanamwambia, "Huu ni mzuri, mama, utuamini tu." Yeye, aliyewafundisha watu wa visiwani kutofautisha udi wa moyo wa mti na udi wa pembeni kwa pumzi moja. Kwenye mikusanyiko wanawake walimwachia nafasi pande zote za mkeka. Mpelu akipita na sinia, mkeka mzima unainua vitambaa, na Bi Zeyana anabaki katikati na uso wake mtupu, kama mtu aliyesahau kuvaa nguo.

Nilianza kumwona asubuhi uani, peke yake, akinusa karafuu. Anainusa, anafikiri, anachukua mdalasini, anaunusa, anarudia karafuu. Siku moja aliniita.

"Baba Tunu, wewe unaisikia kweli?"

"Mama, sote tunaisikia."

"Sikuuliza sote."

Nilifikiri kidogo, kwa kuwa swali lilikuwa la ajabu na sikuwahi kuulizwa. "Mimi nimekulia hapa," nilimwambia.

Akarudi kwenye karafuu zake.

*

Harusi ya mwana wa Mheshimiwa Gogwe ilikuwa kubwa. Ng'ombe walichinjwa, matarumbeta yakapigwa, na Wapelu walibeba masinia ya pilau wakipita katikati ya wageni. Bi Zeyana alikaa karibu na mke wangu. Kijana wa Kipelu alipoinama kumtilia pilau, vitambaa vyote vikainuka, na mimi kwa macho yangu nikamwona Bi Zeyana akishika ncha ya mtandio wake na kuuleta puani.

"Kwa heshima ya wenyeji," alimweleza mke wangu baadaye. "Mtu akifika kwa watu, afuate ada zao. Hainigharimu kitu."

Wala haikumgharimu. Mke wa jaji aliyekuwa ng'ambo ya pili alisogea akakaa naye goti kwa goti. Mwingine akamletea paja la kuku. Wakamuuliza habari za wajukuu, wakamsifu hina yake, wakataka awafundishe kuchanganya mavumba ya harusi. Jioni ile, garini, Bi Zeyana alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya jaribio. Alisema watu wa nchi yetu ni wakarimu, ila tu huchelewa kufungua moyo.

Baada ya hapo mtandio ulipanda wenyewe. Sokoni, barazani, njiani kwenda msikitini. Ulipanda nyumbani pia, kwanza sebuleni tukiwa na wageni, halafu hata tukiwa sisi wenyewe. Kibao cha mbuzi alikiacha. Alianza kukalia kile kiti chenye kitambaa cha kufumwa.

Kisha mchana mmoja alikwenda jikoni kuomba maji ya kunywa, akatoka haraka bila maji, akasimama ukumbini akiwa ameshika nguzo.

"Kuna kitu," alisema. "Subhanallah. Kuna kitu kwa yule binti. Kama chuma kilicholowa."

Mke wangu alimkumbatia.

Nataka niwe mkweli: Bi Zeyana hakuwa akisema uongo. Mimi waongo nawajua, nafanya kazi wizarani. Uso wake ulikuwa umekunjamana, na vinyweleo vya mikono vilikuwa vimesimama. Aliisikia. Na haikupita wiki, mji mzima ulikuwa umesahau mayai na mbuzi. Ukimuuliza mtu yeyote, hata mke wa jaji, atakuambia ni chuma kilicholowa, na kwamba ndivyo alivyokuwa akiisikia tangu utotoni, ila alikosa neno.

*

Asubuhi moja Mesiwa, akianua nguo uani, alimvizia Bi Zeyana. Mimi nilikuwa dirishani nikinyoa ndevu.

"Mama," alisema, "ulisema vitunguu. Ulisema sabuni na mafuta ya nazi."

"Nilisema, mwanangu. Wakati ule pua yangu ilikuwa bado haijazoea."

"Mimi sikubadilika. Sabuni ni ile ile."

"Najua."

"Mama yangu hatembei."

"Najua, mwanangu, usinirudie." Bi Zeyana alikuwa amesimama mbali kidogo, mtandio puani. "Wallahi ningekuwa nasema uongo ingekuwa rahisi. Uongo mtu huuacha. Lakini naisikia. Unataka niseme siisikii?"

Mesiwa alikunja shuka alilokuwa ameshika, akalikunja tena, hadi likawa dogo kabisa.

Tangu siku hiyo alianza kujisugua. Alijisugua kwa majivu, akajisugua kwa ndimu, akajisugua kwa jiwe la miguu hadi ngozi ya mikono ikachubuka na kutoa majimaji. Mke wangu alilalamika kwamba ndimu za nyumbani zinaisha. Tukamshauri apunguze, kwa upole, kwa sababu vidonda navyo vina harufu.

*

Bungeni Bi Zeyana alivaa baibui jipya, zawadi ya mke wa jaji. Mheshimiwa Gogwe alimuuliza kama kuna mtu aliyemlazimisha, kumtisha au kumhonga. Akasema hakuna. Akamuuliza anasikia nini kwa Wapelu. Akasema. Wawakilishi wa wafadhili wakaandika, wakashukuru serikali kwa uwazi wake, na wakatoa ombi moja tu: kwamba malori ya kuwahamisha Wapelu yafunikwe turubai, maana jua la huko ni kali. Mheshimiwa alikubali pale pale, na bunge lilisimama kumpigia makofi kwa utu wake.

Siku ya malori Mesiwa alikuja kutuaga. Hakulazimika. Malori yalikuwa yanapakia Pindoni tangu alfajiri, na mama yake alikwisha kupakiwa, lakini alitembea njia yote hadi langoni kwetu kwa sababu alitaka kumuona Tunu. Mke wangu aliona si vizuri mtoto aamshwe.

Bi Zeyana akatoka. Alikuwa ameshika kifurushi cha udi, ule mzuri wa kwao, amekifunga vizuri kwa karatasi. Alitaka kumkabidhi kwa mkono wake. Alishuka ngazi ya kwanza, akashuka ya pili, mtandio umekazwa usoni. Alipomfikia Mesiwa kiasi cha kugusana, mabega yalimruka. Akageuka akatapika hapo hapo kwenye ngazi, chai na vitumbua vya asubuhi, hadi akapiga magoti.

"Nisamehe, mwanangu," alisema, akijifuta. "Nisamehe. Si moyo wangu."

Mesiwa alikuwa ametulia kabisa. "Usiombe radhi, mama," alisema. "Siku hizi hata mimi naisikia. Jana nimemwogesha mama yangu nimeziba pumzi. Akaniuliza, mbona unahema hivyo? Nikamwambia nimechoka."

Halafu akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi na ndoo ya maji na fagio la chelewa, akaosha zile ngazi. Aliziosha vizuri, hadi kwenye pembe. Akaanika fagio, akainamisha ndoo ikauke, akaondoka. Kifurushi cha udi kilibaki mkononi mwa Bi Zeyana, na sote tukasahau kumtajia.

*

Kuna watu wabaya wanaosema kwamba Wapelu walipoondoka mji ulianza kunuka. Ni maneno ya maadui.

Ukweli ni kwamba waliokuwa wakizoa taka, kuzibua mitaro na kuchimba vyoo walikuwa Wapelu, na serikali ilikuwa ingali katika mchakato wa kuunda kamati ya kuangalia suala hilo. Taka zililala sokoni, zikapanda hadi madirishani. Mtaro wa barabara kuu uliziba, ukafurika maji meusi yenye mapovu. Mbwa alikufa mbele ya benki, akavimba, akapasuka, watu wakawa wanamkwepa kwa adabu. Nzi waliingia midomoni mwa watu waliokuwa wakizungumza. Watoto wengi waliharisha, na magodoro yakaanikwa barabarani.

Lakini hewa ilikuwa safi. Ilibidi iwe safi. Kitambaa cha pua ni kwa ajili ya Mpelu, na Wapelu hawakuwepo. Mtu atakayeinua kitambaa atakuwa anasema kuna Mpelu aliyebaki, na watu wataanza kutazama aliyekaa karibu naye, au wataanza kumtazama yeye. Basi tukatembea na nyuso wazi, macho yakitutoka machozi, tukisalimiana.

Kwenye Sherehe ya Kwanza ya Hewa Safi tulisimama uwanjani maelfu kwa maelfu. Jukwaa lilikuwa limejengwa juu ya mtaro. Mheshimiwa Gogwe alihutubia, kisha akaamuru taifa livute pumzi kwa pamoja. Tukavuta. Kadhaa walianguka, na redio ikatangaza kwamba walizidiwa na furaha. Halafu akaitwa Bi Zeyana, ambaye wakati huo alikuwa ameteuliwa kuwa Pua Kuu ya Taifa, aseme anasikia nini.

Alisimama mbele ya kipaza sauti. Nilikuwa karibu, nimemshikia mwavuli. Jasho lilikuwa likimtiririka na koo lilikuwa likipanda na kushuka. Alituangalia, umati wote ule wenye macho mekundu unaomsubiri.

"Waridi," alisema.

Watu walishangilia. Wengine walisema ni kweli, ni waridi, mbona hatukulijua neno.

*

Asubuhi iliyofuata mke wangu alikuwa akigeuza godoro la Tunu, akaona kipande cha kanga kimefichwa chini yake. Kilikuwa kikuukuu, kimechakaa, kile ambacho Mesiwa alikuwa akimbebea. Tukaelewa kwa nini mtoto aliyekuwa amegoma kulala tangu malori yaondoke alikuwa sasa analala. Alikuwa anajifunika uso nacho.

"Kichomwe," alisema mke wangu.

Tunu alikishika kwa mikono miwili. "Ni cha kwangu," alisema. "Kinanukia."

Tulitazamana. Neno kama hilo likisikika shuleni kwake, kazi yangu imekwisha. Nikaona jambo hili lipelekwe kwa mtaalamu. Nikamwita Bi Zeyana, ambaye bado alikuwa akikaa kwetu, na ambaye siku hizo alikuwa akila kidogo sana.

Alikipokea. Alikaa nacho magotini muda, akikitazama. Kisha akakiinua akazamisha uso wake wote ndani, akavuta pumzi ndefu, na hakuutoa. Mabega yake yalitulia. Nilidhani amesinzia. Alipouinua uso ulikuwa umelowa, na alimtazama mke wangu, akanitazama mimi, akamtazama mtoto aliyekuwa amesimama akisubiri.

"Kinanuka," alisema.

Nikakichukua hadi uani, nikakimwagia mafuta ya taa nikakiwasha, kando ya rundo la taka lililokuwa limefikia usawa wa ukuta. Kilikuwa na unyevu, kwa hiyo hakikushika haraka. Mke wangu na Bi Zeyana walisimama mlangoni. Wakainua, mmoja kitambaa, mwingine mtandio, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, maana hapa palikuwa na sababu. Mimi pia nikainua changu.

Tunu alikuja akasimama karibu nami. Hakulia. Alitazama moto, kisha akainua kichwa akatutazama sisi wakubwa, mmoja baada ya mwingine, kwa makini sana, kama anavyotazama tukimfundisha kufunga kamba za viatu. Akashika upindo wa gauni lake, akauvuta juu, akajifunika pua.

Mke wangu alimpigia makofi.